Kitanda Kilichokuja Kazini

Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Mmoja hushika ncha mbili za huku, mwenzake ncha mbili za kule, wanalivuta mpaka likaze, wanalikung'uta, kisha wanaendeana kama watu wanaotaka kusalimiana. Wakikutana katikati, ncha zinakabidhiwa, na yule aliyebaki mikono mitupu anainama kuuokota mkunjo ulioning'inia chini. Wanarudi nyuma, wanakutana tena. Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile, kazi hiyo ilikuwa ya Mama Pacha na Bibi Kona, na kwa kuwa mikono yao ilikwisha kuijua njia, midomo waliipa shughuli nyingine. Waliomba.

Waliomba kwa vipande. Wakikutana mara ya kwanza, mmoja alitaja haja. Wakikutana mara ya pili, mwenzake aliitikia amina. Shuka likiingia kwenye toroli, ombi nalo lilihesabika kuwa limekwenda. Siku ya mashuka mengi waliwamaliza wagonjwa wote wa wodi ya wanaume, wakawamaliza wajukuu wa Bibi Kona mmoja mmoja, na bado likabaki shuka la kumwombea msimamizi. Foronya hazikuwa na maombi, kwa sababu foronya hukunjwa na mtu mmoja. Foronya walizitumia kwa umbea.

Kisha Bibi Kona akastaafu. Jina hilo alilipata kwa kuwa hakuwahi kukubali kona ya shuka imzidi mwenzake hata kwa upana wa ukucha. Alipewa keki na saa ya ukutani, akaaga, akaenda zake. Ofisi ilisema nafasi yake itajazwa karibuni. Karibuni hiyo ikavuka mvua, ikavuka na jua lililofuata, na pale aliposimama Bibi Kona pakapigiliwa misumari miwili ukutani. Mama Pacha alitundika ncha mbili kwenye misumari, akashika mbili, akavuta, akatembea. Alipoufikia ukuta mara ya kwanza alitaja haja yake. Alipoufikia mara ya pili alijiitikia mwenyewe. Msumari ni mwaminifu, lakini hauitikii amina.

Na si kukunja tu. Kufua sasa kulikuwa kwake, kuanika kwake, kupiga pasi kwake, na kusukuma toroli pia siku ambazo msukuma toroli alikuwa ameitwa kusukuma kitu kingine. Jioni alirudi nyumbani kwa pacha wake, waliokuwa wameanza kutembea, kila mmoja upande wake. Usiku pacha walilala kwa zamu, yaani mmoja alipolala, mwenzake alikuwa zamu. Baba Pacha hakuwepo kusaidia, maana alikuwa mwokaji mikate. Alikanda unga mji ukiwa umelala, akarudi asubuhi mkewe akifunga kiatu. Walikuwa mke na mume wa mlangoni. Walipishana pale, wakaulizana nani kaoga na chumvi imewekwa wapi, basi. Baba Pacha akaingia kulala, mama mkwe akawachukua watoto, na Mama Pacha akaenda kwenye mashuka.

Ikawa siku moja Mama Pacha akalala amesimama, pasi mkononi. Haikuwa kusinzia kwa kuyumbayumba. Alilala vizuri kabisa, hata akaota. Aliota anapiga pasi. Aliamshwa na harufu, akakuta shuka la chumba cha upasuaji lina tundu la umbo la pasi katikati, kingo zake za kahawia, safi kama muhuri.

Msimamizi wa chumba cha kufulia aliitwa Bwana Leoleo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno kesho. Alilishika lile shuka, akachungulia upande wa pili kupitia lile tundu, akamwona Mama Pacha.

"Likiungua la pili, mama, mimi sitakuwa na la kufanya," alisema. "Utakwenda nyumbani."

Nyumbani ndiko Mama Pacha alikotaka kwenda, lakini si kwa namna hiyo. Mshahara wa mikate ulishika paa. Wa mashuka ndio ulioshika sufuria. Akasema amesikia.

Jumapili alikuwa ibadani, angalau mwili wake. Mchungaji alikuwa akiwakemea waumini kwa maombi yao ya jumla. Aliwauliza kama kuna mtu anayekwenda kwa fundi viatu akasema, fundi nisaidie, kisha akaondoka. Si unamwonyesha kiatu? Si unamtajia na mguu? Mbona kwa Mungu mnapeleka maombi kama watu wasiojua wanachotaka? Mama Pacha alifungua jicho moja. Maneno hayo yalimwingia, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi na alipenda kazi iliyopimwa.

Siku iliyofuata, alipoufikia ukuta na shuka la wodi ya watoto, alisema, "Bwana, naomba kulala kitandani kwangu, kile cha mbao, chenye godoro lililobonyea upande wa Baba Pacha, kila siku baada ya chakula cha mchana, nusu saa. Sitaki zaidi." Akarudi nyuma, akaja tena, akasema amina. Alikuwa ametaja kila kitu isipokuwa mahali.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, kitanda kikaja.

Kilikuja kwa miguu yake minne, kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, kikisimama kwenye vivuko kupisha magari. Juu yake alilala Baba Pacha na fulana yake ya kazini, mdomo wazi, unga bado uko kwenye nyusi. Mlinzi wa geti la nyuma, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, alikisimamisha. Kitanda chenyewe hakikumsumbua, maana vitanda huingia hospitalini kila siku. Kilichomsumbua ni mtu wa juu yake. Akamwita Mama Pacha.

"Huyu ni mgonjwa?"

"Ni mume wangu."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi. Amelala tu."

"Basi ni mgeni," mlinzi akaamua. Wageni husaini. Akakiinua kidole gumba cha Baba Pacha, akakichovya kwenye wino, akakibandika kwenye daftari la wageni, akakirudisha kifuani mahali alipokikuta. Baba Pacha akageukia upande wa pili. Kitanda kikaingia.

Kilisimama kati ya mashine ya kufulia na meza ya pasi, kikatulia. Msukuma toroli aliomba kisogee kidogo, kikasogea. Nesi wa wodi ya wanawake alikuja kuchukua foronya zake, akalibonyeza godoro kwa kiganja, akauliza limetoka ghala gani, maana la wodini kwake lilikuwa jembamba kuliko hilo.

Mama Pacha alikitazama kitanda chake. Akasema asante Bwana, kwa moyo wote, akaendelea kupiga pasi.

Alitaka amalize kwanza rundo lililokuwa mbele yake. Lilipopungua, toroli likaleta jingine. Nusu saa ilipokwisha, kitanda kililia kwa viungio vyake kama mtu anayesafisha koo, kikageuka taratibu kikiangalia kisigonge mlango, kikampeleka Baba Pacha nyumbani. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku iliyofuata Mama Pacha aliona ni hasara kitu kizuri kikae bure, akapanga mashuka yaliyokunjwa upande wa miguuni, mahali ambapo Baba Pacha hakufika. Kitanda kilijikung'uta kama mbwa aliyetoka mtoni. Mashuka yote yakawa sakafuni, na ikabidi yafuliwe upya. Baba Pacha alibaki juu, kwa sababu huyo hakuwa kazini.

Huko nyumbani mama mkwe hakuwa na malalamiko. Alisema kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aoe ameweza kufagia uvunguni. Lakini pacha walilia kila kitanda kilipotoka, kwa hiyo akawa anawapakia na chupa yao ya maji. Kitanda kikawa kinakuja na watu watatu. Mlinzi alitafakari, akasema ambao hawajaanza shule hawasaini.

Aliyelalamika ni Bwana Leoleo.

"Mama Pacha, kitanda chako kinakuja, hukilalii, kinakaa tu hapa," alisema. "Ama kilalie, ama kisije. Hapa si ghala la fanicha."

"Nikimaliza toroli hili, mkuu."

"Likija lingine?"

Lingine lilikuwa linaingia mlangoni.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Alikuwa amejijengea imani, pembeni mwa ile ya kanisani, kwamba akiketi tu, hospitali itaanguka. Wagonjwa wataletwa kutoka chumba cha upasuaji na kulazwa kwenye godoro tupu. Madaktari wataulizana mashuka yako wapi. Na jibu litakuwa jina lake. Aliibeba hospitali ile begani kama mtu aliyebeba kabati kwenye ngazi, ambaye hawezi kwenda juu, hawezi kwenda chini, na pua inamwasha. Na kadiri siku zilivyokwenda, kitanda kikija na kuondoka pembeni yake, ndivyo uchovu ulivyozidi kumchanganya. Alianza kuwaita pacha "foronya". Ibadani alikunja kitambaa cha meza ya Mchungaji mahubiri yakiendelea, na Mchungaji akahamishia Biblia yake kwenye kiti, akaendelea.

Halafu siku ikafika. Jua la mchana lilikuwa limebana dirishani, mashine zinaguruma, kitanda kimesimama mahali pake, pacha wamekaa miguuni wakivutana kwa chupa. Mama Pacha alikuwa anapiga pasi shuka la chumba cha upasuaji. Kichwa kikashuka. Kikapanda. Kikashuka, kikabaki huko huko, na pasi ikasimama.

"Toa hiyo, inaungua," alisema Baba Pacha.

Hakuwa ameamka. Pua ya mwokaji ndiyo isiyolala. Yeye mwenyewe alikuwa amelala kabisa, macho yamefungwa, sauti ile ile anayowasemesha vijana wa tanuri. Mama Pacha akaruka, akainyanyua pasi. Shuka lilikuwa limeanza tu kuwa na manjano. Lingetakata kwa kufuliwa. Akaiweka pasi pembeni, akaegemea meza, na machozi yakaanza kumdondokea juu ya bati la moto la pasi, kila tone likisema shii.

"Nikilala mimi," aliuliza, "haya yote nani atayamaliza?"

"Umeshakanda?" Baba Pacha akauliza kutoka usingizini.

"Nimekanda tangu asubuhi."

"Basi funika, uondoke. Unga hauumuki kwa kusimamiwa."

"Na usipoumuka?"

"Sehemu hiyo si yako," alisema Baba Pacha, akakoroma.

Mama Pacha akafuta uso. Tangu akiwa mtoto wa shule ya Jumapili, na soksi zake za kuteleza, alikuwa akiimba kwamba yuko Mmoja asiyelala wala kusinzia. Aliuimba wimbo huo kwa sauti ya pili, na mikono ikionyesha macho. Ndipo sasa ilipomjia kwamba ikiwa huyo halali, basi hapakuwa na haja ya kuwa wawili.

Akachomoa pasi. Akachukua shuka safi, akalifunika rundo lililobaki, akachomeka kingo kama mtu anayefunika unga usipigwe na upepo. Akavua viatu, akavipanga. Akawasukuma pacha kidogo, akapanda upande wake, ule usiobonyea, na kitanda kikalia mara moja tu, kama mzee anayeketi mwishoni mwa safari. Alikuwa amepanga kuomba kwanza. Alifika "Bwana", akalala.

Wakati amelala, mashine ilimaliza kazi yake, ikazima. Toroli likaja, likaachwa. Nesi wa wodi ya wanawake aliingia, akamwona, akahesabu foronya zake mwenyewe, akatoka kwa kunyata. Mashuka hayakujikunja. Hakuna malaika aliyeshuka kupiga pasi. Rundo lilikaa chini ya kifuniko chake, halikupanda wala halikushuka. Hospitali haikuanguka. Daktari mmoja, ambaye kwa kawaida angeulizia mashuka saa hiyo, alikuwa anakula ndizi kwenye ngazi za nyuma na alikuwa na muda.

Mama Pacha alipoamka, alama ya mshono wa mto ikiwa shavuni, alikwenda kulifunua lile rundo. Lilikuwa vile vile. Ila sasa lilikuwa rundo la mashuka tu. Kabla ya hapo lilikuwa limefanana na hukumu.

Baba Pacha aliamka naye, akakuta yuko hospitalini, akamsabahi mkewe. Mama Pacha akamweleza alivyomwambia habari za unga. Mumewe akasema hakumbuki, lakini ni kweli. Wakakaa ukingoni mwa kitanda dakika chache zilizobaki, mabega yakigusana, hawana la kuulizana, maana chumvi ilikuwa mahali pake. Hawakuwa wamekaa hivyo tangu pacha wazaliwe. Kitanda kikasafisha koo, naye Mama Pacha akashuka.

Tangu siku hiyo alilala kila mchana. Hakuna shuka lililoungua tena. Aliwaita watoto wake watoto. Kukunja kwake kukarudia mwendo wa zamani, na maombi yakaacha kuwa ya kujiombea tu. Wodi ya wanaume ikapata zamu yake, na hata Bwana Leoleo alikuwa na shuka lake, tena pana. Bwana Leoleo aliona mabadiliko, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, aliandika ripoti nzuri sana kwenda ofisini.

Ofisi ilifurahi, ikatuma watu. Watu hao walikipima kitanda kwa futi kamba, wakauliza kama kinakula chochote, wakachungulia uvunguni, wakakipaka namba nyeupe ya mali ya hospitali kwenye mguu wa nyuma. Kitanda kiliwaacha wapake. Kisha likatoka tangazo kwamba, kutokana na kuongezeka kwa uwezo wa chumba cha kufulia, nafasi ya Bibi Kona imefutwa, na mashuka ya wodi mpya ya wazazi yataletwa huko huko.

Mama Pacha alifunga kitambaa chake vizuri, akaenda kwa mkuu wa utumishi. Alikaa kwenye kiti alichoonyeshwa, akaeleza habari za ncha nne na mikono miwili, akasema anaomba mtu wa kushika upande wa pili.

"Lakini mama," alisema mkuu wa utumishi, "wewe si una kitanda?"

"Kitanda hakikunji, mheshimiwa."

"Umejaribu kukifundisha?"

"Kilikataa."

"Basi endelea kukiombea," alisema mkuu wa utumishi, akasimama kumwonyesha kwamba mazungumzo yamekuwa mazuri.

Mama Pacha akashukuru, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Akarudi. Akaambiwa yale yale, akasema basi mwezi ujao. Zamani angekwenda na machozi, akayamaliza mlangoni, asirudi. Sasa alikwenda amelala vya kutosha, na mtu aliyelala vya kutosha anaweza kuuliza jambo moja kwa muda mrefu sana. Mkuu wa utumishi akaanza kuogopa mwisho wa mwezi. Akaomba ahamishiwe ofisi yenye dirisha linalotazama upande mwingine, akahamishiwa. Mama Pacha akagonga mlango wa upande huo. Nafasi haikufunguliwa.

Siku mashuka ya wodi mpya yalipokuja, ilikuwa ni baada ya chakula cha mchana. Bwana Leoleo aliingia na karatasi ya maagizo mkononi, nyuma yake toroli limejaa mpaka msukumaji haonekani. Alimkuta Mama Pacha amelala ubavu, Baba Pacha amelala chali, pacha mmoja kati yao, na wa pili yuko macho, zamu. Bwana Leoleo akasimama miguuni, akakohoa, akaanza kusoma maagizo kwa sauti ya ofisi. Pacha aliyekuwa zamu akaweka kidole mdomoni. Bwana Leoleo akashusha sauti, akaendelea kwa kunong'ona.

Ilikuwa karatasi ndefu. Alipofika katikati, herufi zilianza kumchezea. Mtu aliyeipanga siku yake yote ndani ya leo hukosa mahali pa kuuweka usiku, na Bwana Leoleo alikuwa amekaa macho kitandani kwake tangu cheo kimpate, akihesabu mashuka ya watu. Kitanda kikatulia kidogo, halafu kikajikunyata upande mmoja, kama muumini anayempisha aliyechelewa kwenye benchi la kanisa. Pakapatikana nafasi ukingoni.

Bwana Leoleo alisema hana muda. Akaketi ili tu amalizie kusoma. Akasoma mstari mmoja, akaegemea ili asome vizuri, akaiweka karatasi usoni ili mwanga usimsumbue, na viatu vyake vikabaki vinaning'inia nje, vimeng'arishwa. Alilala kama jiwe lililotupwa kisimani. Watu watano juu ya kitanda kimoja, na kitanda hakikulia hata kidogo. Pacha wa zamu aliwaangalia wote, akaona hakuna anayemhitaji, akalala naye.

Nusu saa ilipokwisha, Bwana Leoleo aliamka wa kwanza. Alikaa, akafuta uso kwa viganja, akatazama dari kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Akasema asante. Haikujulikana alikuwa anamwambia nani, na hakuna aliyeuliza. Kisha akaikunjua karatasi yake iliyopata makunyanzi, akavaa miwani, akasoma agizo la mwisho: mashuka yote ya wodi mpya yawe tayari leo.

"Leo," alikubali Mama Pacha, akishuka.

"Leo," alisema Bwana Leoleo, kwa upole zaidi kuliko kawaida yake, akatoka.

Mama Pacha akawabusu pacha vichwani, akamvuta Baba Pacha fulana ifunike tumbo, maana nje kulikuwa na upepo. Kitanda kikageuka, kikatoka getini, na mlinzi akaandika saa ya mgeni kuondoka. Toroli la wodi mpya lilikuwa limesimama pale lilipoachwa, limejaa hadi limeficha dirisha, na hakuna aliyeligusa. Mama Pacha akanawa uso, akashukuru, akaanza na shuka la juu.